YAH: SETI YA KUGEUZA MiG-21F-13 KUWA J-7 II ILIYOKUJA NA KIOO CHA F-13

Ngamiani, Tanga
9 Juni

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi saa hapa Ngamiani, na jioni nikishafunga kibanda huunda ndege ndogo za plastiki. Mwezi uliopita nilinunua kwenu boksi la kuundia MiG-21F-13, ndege ya kivita ya Kisovieti, la kipimo cha 1/72, pamoja na seti ya vipande vya resini ya kuigeuza kuwa J-7 II ya Kichina. Boksi Sh 70,000, seti Sh 85,000, nauli ya mzigo Sh 5,000. Niliupokea mwenyewe stendi ya Kange, haujabonyea hata kona. Kwa hilo sina neno.

Boksi nalo sina ugomvi nalo. Ndege halisi ina mita 7.15 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Gawa kwa 72 unapata milimita 99 na ushei, na rula yangu ilisoma hivyo hivyo. Ugomvi wangu uko kwenye seti.

Naomba nieleze kidogo, maana kijana wenu wa simu aliniambia, "Mzee wangu, si ndege ni ile ile tu?" Si ile ile. Wachina walipata kibali cha kuunda MiG-21F-13 kutoka kwa Wasovieti mwaka 1961, na J-7 yao ya kwanza ikaruka Januari 1966. Baadaye waliiuza hadi nje, Tanzania ikiwemo, ndiyo maana hata wazee wanaoniletea saa kubadilisha betri husimama kwanza wakachungulia kabati langu. Sasa, F-13 kifuniko chake cha rubani ni kipande kimoja, kioo cha mbele kimo humo humo, na bawaba iko mbele, kwa hiyo kinafunguka kuelekea puani. Rubani akijirusha, kifuniko kinatoka pamoja na kiti ili kimkinge na upepo. Mpango huo haukuwaridhisha Wachina. Kwenye J-7 II, toleo lao la baadaye, wakaweka kioo cha mbele kisichosogea, kifuniko kikawa peke yake nyuma yake, na bawaba ikahamia nyuma. Parachuti ya breki nayo, ambayo F-13 huibeba chini ya tumbo upande wa mkiani, wakaipandisha kwenye shina la mkia wa wima, juu ya bomba la moto. Mambo hayo mawili ndiyo anayoyatazama kwanza mtu anayejua. Na ndiyo niliyoyalipia Sh 85,000.

Kibweta cha parachuti kimo, na kimetengenezwa vizuri. Kioo, yaani plastiki angavu ya kumfunika rubani, kilikuwa kwenye kifuko chake kilichozibwa kwa moto. Sikukifungua, kwa sababu upepo wa kusi umeanza na vumbi la barabarani linaingia hadi ndani ya saa, sembuse kioo kisichozidi kidole gumba. Badala yake nilipiga simu kabla ya kushika msumeno, nikauliza kama vipande vyote vya J-7 II vimo. Nikajibiwa vimo vyote, kata tu.

Nikakata. Miwani ya kukuzia jichoni, pumzi nimeibana, nusu saa nzima kwa kipande kisichofika urefu wa kucha. Resini nikaisugua kwa msasa wa maji, maana unga wake si wa kuvuta puani, nikabandika, nikajaza puti, nikasugua tena huku mjukuu amenishikia tochi. Ndipo nikafungua kifuko.

Ndani kulikuwa na kifuniko cha F-13. Nikakiweka sambamba na kile kilichokuja na boksi, juu ya kitambaa cheusi ninachopangia skrubu, nikavitazama kwa lenzi. Fremu zinalingana mstari kwa mstari. Yaani nimelipia tofauti, mkaniletea kilekile nilichokuwa nacho.

Nilipopiga tena, kijana akanishauri nikate kioo hicho hicho katikati. Nilikijaribu kimoja, kwa kuwa sasa ninavyo viwili: plastiki angavu ikaingia ufa mweupe hadi ukingoni. Na hata kingekatika vizuri, kioo cha mbele cha J-7 II kina umbo lake na fremu zake, hakipatikani kwa wembe. Tangu hapo nimetuma ujumbe mara tatu. Tanga husemwa ni waja leo waondoka leo. Jibu lenu hata huko kuja bado.

Ndege yenyewe ipo mezani, mkia Mchina, kichwa Mrusi. Kuirudisha kuwa F-13 haiwezekani tena, maana shina la mkia nimeshalikata kwa ruhusa yenu.

Ninachoomba ni mojawapo kati ya haya: mniletee kioo cha mbele na kifuniko cha J-7 II bila kunidai nauli, au mnirudishie Sh 85,000 za seti pamoja na Sh 70,000 za boksi. La boksi najua mtalipinga, lakini nisingelikata kama simu yenu ingenijibu ukweli. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya risiti na picha za vioo vyote viwili, ambazo nanyi nimewaambatanishia.

Mkiamua kutuma kioo, tafadhali mtu afungue kifuko kwanza aangalie bawaba iko wapi. Ikiwa mbele, msitume.

Wenu mteja,
Fundi saa, Ngamiani