Risala kwa Mgeni Rasmi: Siku Sita za Kisiwa cha Bainbridge

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, wazazi na watoto,

Shikamooni, na karibuni sana. Sisi ni familia zinazozungumza Kiswahili hapa Seattle, na wengi wetu tumepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Mwaka huu watoto wamesoma habari za majirani zetu wa ng'ambo ya maji, Wajapani wa Kisiwa cha Bainbridge.

Mgeni Rasmi, wakulima hao walifyeka msitu wakapanda stroberi. Sheria iliwanyima uraia wale waliozaliwa Japani, na sheria ya jimbo hili ikawazuia kumiliki ardhi. Watoto wao walikuwa raia wa kuzaliwa, lakini uraia huo haukuwakinga. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, Rais Roosevelt alitia saini Amri namba 9066, iliyoruhusu jeshi kuwahamisha watu, tarehe 19 Februari 1942. Tarehe 24 Machi matangazo yakabandikwa kisiwani: muda wa kuondoka ni siku sita, na mzigo ni ule utakaoweza kuubeba mwenyewe.

Tulipofika hapo, akina mama walinyamaza. Mmoja wao akasema yeye aliacha cherehani kwao, na mpaka leo akilala anaisikia.

Tarehe 30 Machi watu 227 waliteremka hadi gati la Eagledale, kati ya askari wenye bunduki. Hata vichanga walifungiwa kikaratasi cha namba ya familia. Wakapandishwa feri, kisha treni, hadi kambi ya Manzanar, jangwani California. Huku nyuma stroberi zilikuwa zinakaribia kuvunwa. Baadhi ya mashamba yalitunzwa na vibarua Wafilipino, na hilo tunalitaja kwa heshima kubwa. Walt na Milly Woodward, wenye gazeti la kisiwa, walipinga waziwazi, wakaendelea kuchapa habari za kambini: nani kajifungua, nani kafariki.

Pwani ya Magharibi nzima waling'olewa watu wapatao 120,000. Serikali iliomba radhi mwaka 1988 na kuwalipa waliokuwa bado hai dola 20,000 kila mmoja.

Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Pale gatini leo pana ukuta wa mbao wenye majina yao. Watoto 30 wanataka kwenda kuyasoma kwa sauti tarehe 30 Machi ijayo. Nauli ya feri tumeshachanga. Tumepungukiwa basi la kuwafikisha Eagledale, na tunakuomba utushike mkono.

Tunaomba kuwasilisha.