Adriana hakujitakia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa safu yenu ya burudani, aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu kuitazama upya The Sopranos, tamthilia ya Kimarekani inayomhusu Tony Soprano, bosi wa genge la mafia huko New Jersey. Makala yake nimeisoma mara tatu, na mengi nakubaliana naye. Lakini kuna mahali palinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Anasema sehemu bora kuliko zote ni "Pine Barrens", kisha anapita mbio kwenye kifo cha Adriana La Cerva, mchumba wa Christopher, mmoja wa vijana wa Tony, na kusema kwamba msichana yule alijitakia mwenyewe kwa kushirikiana na wapelelezi. Maneno hayo nami niliwahi kuyasema, tena kwa sauti kubwa mbele ya watu. Ndiyo maana siwezi kuyaacha yapite.

Nimekuwa dereva wa malori ya masafa marefu kwa miaka 31. Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Marekani na HBO, televisheni ya kulipia, tarehe 10 Januari 1999, ikamalizika tarehe 10 Juni 2007, jumla sehemu 86. Mimi niliipata kwa kuazima diski kwa dereva mwenzangu, ilipokuwa imeshakwisha. Siku za mapumziko nilikuwa nazimeza sehemu nne, tano, kwa mkupuo mmoja, na macho yangu yalikuwa kwa Tony Soprano tu. Akikasirika nakasirika naye, akiwindwa nawindwa naye. Mtu yeyote aliyetishia kumpeleka jela nilimhesabu kuwa adui yangu.

Sasa nimestaafu, na ninaitazama tena na binti yangu wa mwisho, ambaye alikuwa hajawahi kuiona. Tunatazama sehemu moja Ijumaa na moja Jumapili, wala hatuongezi. Ikiisha tunazima televisheni na kujadiliana. Kwa mwendo huo wa polepole nimegundua kwamba mara ya kwanza sikuwa nimeitazama tamthilia hii. Nilikuwa nimeipita tu, kama mtu anavyopita mji usiku.

Nianze na "Pine Barrens", kwa sababu sitaki mwandishi wenu adhani naidharau. Ni sehemu ya 11 ya msimu wa tatu, ilionyeshwa Mei 2001. Paulie na Christopher, watu wa Tony, wanatumwa kuchukua pesa kwa Mrusi anayeitwa Valery. Paulie, kwa ujeuri wake, anamvunjia mwenyeji rimoti, ugomvi unazuka, na wanadhani wamemuua. Wanamviringisha kwenye zulia na kumpeleka kumzika katika msitu wa Pine Barrens kusini mwa New Jersey, kwenye theluji. Wanafungua buti la gari wakakuta mtu yu hai. Basi Mrusi anatoroka, wao wanapotea, kiatu cha Paulie kinazama kwenye theluji, na usiku wanajificha ndani ya gari bovu lililotelekezwa wakilamba vipakiti vya tomato sosi.

Mwandishi wenu ameisifu ile simu ya Tony inayokatikakatika. Tony anawaonya kwamba Valery alikuwa askari wa wizara ya mambo ya ndani ya Urusi na kwamba aliua waasi 16 wa Chechnya. Paulie, kwa mtandao mbovu, anasikia kwamba Mrusi huyo ni fundi wa kupamba nyumba. Binti yangu aliigeuza palepale kwa Kiswahili: Tony anasema mambo ya ndani, Paulie anasikia mapambo ya ndani! Tulicheka mpaka tukarudisha nyuma kuitazama tena. Kiswahili chetu kimeipokea dhihaka ile kana kwamba iliandikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo si ubishi juu ya ubora wake. Aliyeiandika ni Terence Winter, na aliyeiongoza ni Steve Buscemi, ambaye baadaye, msimu wa tano, aliingia mwenyewe kuigiza kama Tony Blundetto, binamu wa Tony. Hata huo msitu si wa Pine Barrens halisi. Picha zilipigwa Harriman, hifadhi ya jimbo la New York, na bado baridi unaisikia mpaka kwenye vidole.

Lakini Terence Winter huyo huyo aliandika msitu mwingine, miaka mitatu baadaye. Mwandishi wenu ameusifu ule wa kwanza kwa aya nne na huu wa pili kaupa nusu sentensi.

Sehemu hiyo inaitwa "Long Term Parking", yaani maegesho ya muda mrefu. Ni ya 12 katika msimu wa tano, ilionyeshwa tarehe 23 Mei 2004. Ili kuielewa inabidi urudi nyuma hadi msimu wa nne, na hapo ndipo hoja ya kwamba alijitakia inapoanguka. Adriana hakwenda kwa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. FBI ndio waliomwendea. Walimtumia mpelelezi mwanamke aliyejifanya rafiki, wakatembea naye madukani, wakala pamoja, wakapeana siri za wapenzi wao. Siku wanamfunulia ukweli wamemkalisha kwenye meza ya ofisi, wanaume na wanawake waliovaa suti, wanamtajia miaka ya kifungo kwa habari ya dawa za kulevya, na yule rafiki yake yupo pale pale akiwa na jina jingine. Adriana anatapika juu ya meza. Mara ya kwanza mimi niliona hapo uchafu na udhaifu. Safari hii binti yangu alisimamisha picha na kuniuliza, "Baba, huyu dada kamsaliti nani hapa? Si yeye ndiye aliyesalitiwa?"

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Tangu hapo amebanwa pande mbili. Tumbo linamsumbua, usingizi hana, na kila akijaribu kujitoa wapelelezi wanakaza kamba. Mwishowe anamwambia Christopher, mchumba wake, ukweli wote. Christopher anamkaba koo karibu kumuua, kisha anamwachia na kulia, na wote wawili wanakaa wakizungumza juu ya kuondoka, kuingia kwenye mpango wa kulinda mashahidi, kuanza upya kwingine. Anaamini. Kwa saa chache Adriana anaamini kabisa kwamba mwanaume huyu amemchagua yeye.

Christopher anatoka nje, anafika kituo cha mafuta. Hapo anaiona familia moja ya watu wa kawaida, baba, mama na watoto, na gari lao chakavu. Anawatazama. Hakuna neno linalosemwa. Ukitazama mara ya kwanza unaweza usione hata kwamba kuna jambo limetokea. Ukijua kinachofuata, unaona kwamba hukumu imetolewa hapo, karibu na pampu ya mafuta, kwa sababu tu mtu hakutaka kuwa maskini. Namwomba mwandishi wenu arudie dakika hiyo moja kabla ya kusema tena nani alijitakia nini.

Kisha simu. Tony anampigia Adriana, anamwambia Christopher amejaribu kujiua na Silvio, mtu wa karibu wa Tony, yuko njiani kumchukua ampeleke hospitali. Halafu tunamwona Adriana anaendesha gari lake mwenyewe, peke yake, barabara kuu, anaondoka zake. Mara ya kwanza nilipumua. Nilisema kumbe ana akili kuliko nilivyodhani. Kisha picha inakatika na kumbe yuko kiti cha abiria, Silvio ndiye anayeendesha, na ile safari ya peke yake ilikuwa kichwani mwake.

Hapa naomba niseme kama dereva. Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya usukani, na najua abiria anavyogundua kwamba njia siyo. Hajui ramani, lakini mwili wake unajua. Anajua pale magari mengine yanapopungua. Anajua pale gari linapoacha barabara na mti unaanza kufuatana na mti. Mwigizaji Drea de Matteo hasemi mengi katika dakika hizo, ila uso wake unapitia kila kilomita. Mwanzo analia kwa ajili ya Christopher, akidhani anamwendea mgonjwa. Halafu kuna mahali kilio kinabadilika, na sasa anajililia mwenyewe. Mimi na binti yangu tulibishana ni wapi hasa. Yeye anasema ni gari linapokata kuingia msituni. Mimi nasema ni kabla ya hapo, wakati Silvio angali anamtuliza kwa sauti ya upole. Tulirudisha mara tatu na hatujakubaliana.

Silvio anamtoa garini kwa nguvu. Adriana anatambaa kwa mikono na magoti juu ya majani makavu mpaka anatoka nje ya picha. Silvio anamfuata naye anatoka. Kamera haiwafuati. Inabaki palepale, risasi zinasikika, kisha inapanda kutazama miti.

Tamthilia hii imetuonyesha watu wakinyongwa, wakipigwa nyundo, wakikatwa vichwa, na haikutuficha kitu. Kwa nini imfiche huyu? Binti yangu anaamini ni heshima kwake. Mimi naona vingine kidogo. Naona tunaachwa na ile miti kwa sababu sisi watazamaji tulikuwa tumeshageuza macho zamani. Mimi nilikuwa nimegeuza tangu ile meza ya FBI.

Na sehemu haiishii hapo. Christopher anaenda kuliacha gari la Adriana kwenye maegesho ya uwanja wa ndege na kuondoka kwa miguu, na ndipo jina la sehemu linapata maana. Picha ya mwisho kabisa ni Tony na mkewe Carmela, msituni tena, kwenye kiwanja ambacho Carmela anataka kujenga nyumba ya kuuza. Miti ileile, majani yaleyale. Wanakaa. Carmela anafurahia kiwanja chake, na Tony anatazama mbali. Nimekaa na madereva wenzangu tukibishana kwa miaka kama Tony alikufa au hakufa katika ule mgahawa wa Holsten's, mwisho wa tamthilia, pale skrini inapogeuka nyeusi, na nakubali ni mjadala mtamu. Lakini hakuna hata siku moja tuliyomjadili Adriana. Mwandishi wenu naye ameutumia nusu ukurasa kwa mgahawa.

Tuzo za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, za mwaka 2004 ziliona jambo hili mapema kuliko mimi. Drea de Matteo alishinda, Michael Imperioli aliyecheza Christopher alishinda, Terence Winter alishinda kwa kuiandika sehemu hiyo hiyo, na The Sopranos ikawa ya kwanza kutoka televisheni ya kulipia kupata tuzo ya tamthilia bora. Simtaji Emmy kama hakimu, maana tuzo nyingi hukosea. Nataka tu mwandishi wenu aone kwamba sehemu aliyoipa nusu sentensi ndiyo iliyobeba mwaka mzima.

Najua atanijibu kwamba "Pine Barrens" inaweza kutazamwa na mtu asiyejua chochote, na hii haiwezi. Ni kweli. Unaweza kumkalisha jirani mbele ya Paulie na kiatu chake na atacheka bila kuelezwa. Kwa Adriana lazima uwe umekaa naye kwa miaka, umechoka na sauti yake, umemwona akicheza na mbwa wake mdogo, umemwona akiota kuwa mke wa mtu. Mimi naihesabu hiyo kuwa nguvu ya sehemu hii. Mzigo uliobebwa kutoka mbali ndio unaokata bega.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wenu ameahidi kupanga orodha ya sehemu kumi bora. Apange anavyotaka, namba moja aiweke anapopenda. Lakini kabla ya kuipanga aitazame "Long Term Parking" polepole, na asikae na watu wanaomshangilia Tony. Na lile neno la kujitakia alifute.

Sisi Ijumaa iliyopita tulifika sehemu ya tisa ya msimu wa sita, ambamo kwa mara ya kwanza tunaonyeshwa kilichotokea siku ile nyuma ya pazia: Christopher akimwendea Tony huku analia na kumtamkia siri ya Adriana. Binti yangu aliondoka sebuleni bila kusubiri mjadala. Jana tumemaliza ya kumi. Ijumaa hii ni ya kumi na moja, Carmela anakwenda Paris, na usiku, ndotoni, atamwona Adriana akitembea barabarani na yule mbwa wake. Binti yangu hajui. Anadhani Adriana hatarudi tena kwenye skrini, na amekuwa akimtaja karibu kila tukikaa. Mkiichapisha barua hii kabla ya Ijumaa, nitauchukua ukurasa huu na kuuficha mpaka Jumamosi.

Wako,
Dereva mstaafu, msomaji wenu wa miaka mingi