Barua kwa mwanangu: hiyo "tumekubali" ni ya nani?

Mwanangu,

Simu yako ya juzi imenikaa kichwani. Ulinieleza yote mbio mbio, mimba imefika wiki ya 11, mkwe wangu anatapika sana ila anajikaza, halafu ukamalizia "na vipimo vyote tumekubali baba, hata kile cha damu cha Down sindromu, ni Alhamisi". Nikasema sawa. Mi kwenye simu huwa nasema sawa halafu usiku ndo naanza kugeuka geuka kitandani, muulize mama yako. Sasa nakuuliza kwa maandishi: hiyo tumekubali ni nani na nani? Yeye aliulizwa? Au alikuwa ameinamia ndoo na wewe ndo unamjibia nesi?

Usidhani napinga vipimo. Kaswende, VVU, presha, wingi wa damu, grupu la damu na ile Rh, hivyo apime, ukijua mapema kuna dawa au sindano ya kumkinga mtoto, na hata hivyo wanatakiwa kumuuliza. Ila hiki kingine ni cha ukoo mwingine kabisa, sema damu inatoka mkono uleule siku ileile kwenye trei ileile, ndo mtu anapitishwa bila kujua kwamba ameshavuka. Down sindromu ni kromosomu ya 21, yaani kile kibeba urithi ndani ya seli, kuwa 3 badala ya 2, mara nyingi ni tangu mtoto anatungwa, hakuna kidonge cha kuipunguza. Jibu likija linakuletea swali, na swali lenyewe linakaa tumboni kwa mkwe wangu, wewe utalisikia kwa mbali tu.

Nimesoma sana tangu juzi, miwani imenichora pua. Wanasema kinapata 99 katika 100, na wewe najua umeshika hiyo namba maana namba unazipenda tangu utoto. Lakini 99 hiyo ni hivi: katika mimba 100 zenye Down sindromu, kinazinasa kama 99. Haimaanishi kwamba ukiambiwa ipo basi ni asilimia 99 ipo. Yeye ana miaka 29, kwa umri huo ni kama mimba 1 hivi katika 1,000. Tuseme kwa wale wasio nayo kipimo kinawasingizia mara 1 tu katika 1,000. Basi katika hao wanawake 1,000 watakaoitwa ofisini ni wawili, mmoja mtoto kweli anayo, mwingine hana, na wote wawili wanalia sawasawa kwenye korido. Kwa mama wa miaka 40 hesabu inabadilika kwa sababu kwao ni kama 1 katika 100. Na kile wanachokisoma ni vipande vya DNA vinavyoelea kwenye damu ya mama, ambavyo vinatoka kwenye kondo la nyuma, na kuna mara chache kondo na mtoto havifanani. Kwa hiyo kuthibitisha ni mpaka wachukue kipande cha kondo, au kuanzia wiki ya 15 wachome sindano tumboni wavute maji yanayomzunguka mtoto, na hapo mimba inaweza kutoka, ni chini ya 1 katika 100 ila ipo. Haya anatakiwa ayajue kabla ya Alhamisi sio baada.

Umemuuliza lakini?

Najua utasema baba umeanza. Na kweli wewe umenishinda kwa hilo, unaingia naye mpaka ndani ya chumba cha daktari, mi kipindi chetu niliishia kwenye benchi. Isipokuwa siku moja. Mimba ya mdogo wako, mama yako alikuwa na 39, fomu ilisainiwa dirishani yeye akiwa bado anavaa viatu. Ripoti ilivyotoka ilikuwa imeandikwa hatari kubwa, 1 kati ya 120. Mtu akiona hatari kubwa hasomi tena mbele, kumbe mbele ndo kuna wale 119 ambao watoto wao hawana. Karatasi nikaificha kwenye pochi yangu wiki 3, mama yako akawa anadhani kuna deni linanisumbua. Aliiona siku anafua. Basi, hizo wiki zilikuwa zake na hakuzipata. We ulikuwa unamcheka kwamba karatasi zote za nyumba hii lazima afungue yeye, hata bili ya maji, ndo ujue.

Mdogo wako alizaliwa bila hiyo kromosomu, na unavyomuona anatuamrisha wote hapa. Lakini sikwambii hivyo ili useme aa kumbe majibu huwa ya uongo. Kuna wanaoambiwa ipo na kweli ipo.

Kaa naye kabla ya Alhamisi, simu uiweke chumba kingine. Muulize likija jibu la ndiyo tutafanyaje, halafu nyamaza. Unyamaze kweli, wewe una tabia ya kumalizia watu sentensi. Anaweza kusema nataka kujua ili tujiandae, na hiyo ni sababu nzuri, maana karibu nusu ya watoto hao wanazaliwa na tatizo la moyo na inasaidia kujifungulia penye wataalamu. Anaweza kusema sitaki kujua, niacheni na mimba yangu, hiyo nayo ni haki yake kamili na asiambiwe ni ushamba. Anaweza kusema sitaweza kuendelea nayo. Hilo ni zito na sheria zinatofautiana, na mimi babamkwe wake sina neno la kuweka hapo, mama yako naye nimemwambia asiweke.

Ila akiamua ajue anaamua kuhusu nini. Vile vikaratasi vya hospitali vinaorodhesha magonjwa tu mpaka mtu anaona kama atazaa orodha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani mtu mwenye Down sindromu aliishi wastani wa miaka kama 25, siku hizi ni kama 60, wapo wanaosoma, wanafanya kazi, wapo wanaohitaji kusaidiwa maisha yote. Mtafute mzazi mwenye mtoto kama huyo mkae naye nusu saa. Denmark tangu 2004 wajawazito wote wanapewa nafasi ya kupima na watoto hao wanaozaliwa wamepungua sana. Siwasemi vibaya, kila mmoja aliamua la kwake, kinachonitisha ni kwamba wengi wakipita njia moja muda mrefu, yule asiyepita anaanza kuulizwa kwani we hukupima? Hapo kuchagua kunakuwa kwa jina tu.

Na wakiwaambia kuna kifurushi kikubwa zaidi kinaangalia na vipande vidogo vya kromosomu, ulizeni kila kimoja kinakosea mara ngapi, vingi haviko sahihi kama hiki cha 21.

Hapa tupo. Paa la nyuma nimeliziba lakini limehamia, sasa linavuja juu ya kabati lako, vitabu vyako nimevitoa. Ngazi ya mjomba wako bado iko kwetu, amepiga mara mbili, ulisema utairudisha na hukuirudisha. Mama yako ametoa cherehani stoo, anasema anatengeneza mkanda tu, ila nimeona vitambaa vidogo vidogo na sijauliza.

Nijibu kabla ya Alhamisi. Au acha, barua hii usimsomee wala usimfupishie, mpe aisome mwenyewe, na anijibu yeye akitaka. Asipotaka pia sawa. Hiyo ya ngazi ndo unijibu wewe.

Baba yako