Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Vipimo tunavyo, kuvipata ndiyo shida

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Mimi ni mpima ardhi. Nimefanya kazi hii tangu enzi za kuvuta mkanda wa chuma porini, na leo naifanya kwa mashine ya GPS. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wananchi hawalioni na viongozi huliulizia mara chache: kipimo kinakwenda wapi mpima akisharudi kutoka uwandani?

Nilimsindikiza mama mmoja kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri ambayo sitaitaja. Alishika stakabadhi ya malipo ya upimaji ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne hadi wino umefutika kwenye mikunjo. Kiwanja chake kilipimwa, bikoni, yaani alama za mipaka, zikazikwa, na siku ile yeye mwenyewe aliwapikia wapimaji uji. Sasa jirani mpya ameanza kuchimba msingi na bikoni moja haionekani. Mama hakutaka fidia wala ugomvi. Aliomba aone ramani ya upimaji wake.

Kijana aliyetupokea alikuwa muungwana na alijituma. Alipekua kabati, akapanda juu ya kiti akapekua na juu ya kabati, kisha akafungua kompyuta. Mafolda yaliandikwa "Upimaji mpya", "Upimaji mpya final", "Final ya kutuma". Ndani ya hilo la tatu tukakikuta kitalu cha mama, yaani kundi la viwanja lenye kiwanja chake. Tukakiweka juu ya picha ya setilaiti. Umbo la kila kiwanja lilikuwa sahihi, barabara zilikuwa na upana wake, lakini kitalu kizima kilikuwa kimesogea kaskazini karibu mita 300, kikaketi juu ya makaburi ya mtaa wa pili. Mama akauliza, "Kwa hiyo mimi nimejenga makaburini?"

Hakuna aliyekosea kupima, Mheshimiwa. Kitalu kilipimwa kwa mfumo wetu wa zamani, Arc 1960, ambao ramani nyingi za nchi hii na za Kenya zimejengwa juu yake. Picha ya setilaiti inatumia WGS84, mfumo wa GPS. Nukta ileile ardhini ina namba mbili tofauti katika mifumo hiyo, na kwetu tofauti hufika kama mita 300 kwa kaskazini na kusini. Kubadilisha namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni kazi ya sekunde chache, mradi ujue ulikotoka. Pale hatukuweza kujua. Shepufaili, aina ya faili tunayoitumia sana ofisini, kwa kweli ni kundi la mafaili: moja lina maumbo, jingine lina jedwali, jingine dogo kabisa linataja mfumo wa koodineti, yaani wa hizo namba za mahali. Mtu alinakili kwenye flashi, akaliacha lile dogo. Maneno machache tu yamepotea, na mama wa watu hajui nyumba yake iko wapi.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo, na liko mlangoni pako. Tanzania imelaliwa na kanda tatu za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za kuchorea ramani: 35, 36 na 37. Mpaka wa 36 na 37 ni nyuzi 36 mashariki, na unaukata Mkoa wa Dodoma wenyewe. Dodoma mjini iko kanda ya 36. Kongwa na Mpwapwa ziko ya 37. Namba za koodineti hujirudia katika kila kanda. Chukua kiwanja cha katikati ya mji wa Dodoma, sahau kuandika kanda, halafu mtu mwingine akifungue kama cha kanda ya 37: kitaruka zaidi ya kilomita 600 kwenda mashariki na kuangukia Bahari ya Hindi, kuipita Unguja. Kosa hilo angalau linaonekana. La mita 300 ndilo hatari, kwa kuwa linaangukia kwenye nyumba ya mtu mwingine na kufanana na ukweli. Naamini baadhi ya migogoro tunayoiita milki pandikizi, watu wawili kumilikishwa eneo moja, imezaliwa hivyo, kwenye kompyuta, bila mtu kula rushwa.

Najua Wizara haijakaa bure. Mfumo wa ILMIS wa kutunza kumbukumbu za ardhi kwa kompyuta umekuwepo, e-Ardhi ya huduma za ardhi mtandaoni imekuja, na Mradi wa Uboreshaji Usalama wa Milki za Ardhi una mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia. Ombi langu ni kwamba fedha hizo zisiishie kwenye mashine za kupimia na hati za kuchapa. Kila kipimo, kiwe cha mji au cha kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kikataliwe kupokelewa kama hakikutaja mfumo wa koodineti, kanda, tarehe, aliyepima na kifaa alichotumia. Kikataliwe hata kama mradi unafungwa kesho. Nimeona miradi ya vijijini ikiondoka na kompyuta zake, na ramani za kijiji zikaondoka nazo.

Kisha tuachane na flashi. Shepufaili haikuundwa kubeba kumbukumbu ya taifa. Hata jina la safu ya jedwali haliruhusiwi kuzidi herufi 10, kwa hiyo "jina_la_mmiliki" hubaki "jina_la_mm". Zipo kanzidata zilizoundwa kwa kazi hii. PostGIS, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2001, haidai ada ya leseni na vijana wetu wanaifahamu. Uzuri wake uko kwenye kutafuta. Kompyuta yenye viwanja milioni moja ikiulizwa nani anapakana na nukta fulani, inaweza kuvipitia kimoja kimoja hadi mwananchi achoke kwenye benchi. Mwaka 1984 Antonin Guttman alieleza faharasa iitwayo R-tree inayoepusha adha hiyo, na Mtanzania hahitaji shule ndefu kuielewa. Ukitafuta mtu hugongi kila mlango wa nchi. Unauliza mkoa, wilaya, kata, mtaa, na ukifika kwa balozi wa nyumba kumi anakuonyesha mlango. Faharasa hiyo huzungushia viwanja jirani mstatili mmoja, kisha mistatili jirani ikazungushiwa mwingine mkubwa zaidi, hadi juu. Mstatili usiohusika na swali unaachwa pamoja na vyote vilivyomo.

Naomba pia kitu kisifutwe. Mpaka ukibadilishwa, wa zamani ubaki na tarehe yake na sababu, maana Baraza la Ardhi na Nyumba likikaa kusikiliza shauri huuliza hali ilikuwaje siku ile ya ugawaji. Nakala rudufu ikae mji mwingine, na ijaribiwe kufunguliwa. Na mwananchi aruhusiwe kuona mipaka kwa simu yake, bila majina ya wamiliki. Kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa kata zinazofurika Dar es Salaam walichora mitaro na nyumba zao katika Ramani Huria, mradi wa ramani za wazi, na mpaka leo mtu yeyote anaweza kuifungua kazi ile.

Kitalu cha mama tulikirudisha mahali pake baada ya siku sita, kwa kupima upya bikoni tatu zilizobaki na kulinganisha. Jirani amekubali kusogeza msingi. Koodineti zake ninazo, zimeandikwa mfumo, kanda na tarehe. Ile halmashauri nimeipelekea mara mbili, na bado hawana pa kuziweka isipokuwa kwenye folda la nne.

Wako katika kazi,
Mpima ardhi, Morogoro