Kabla hatujachonga kalibu, tuangalie mikunjo ya kipande chako

Wateja wengi wanaofika karakana yetu hapa Katwe, Kampala, huja na kipande kimoja mkononi: breketi ya taa ya bodaboda, bawaba, au kishikio cha paneli ya sola chenye mikunjo mitatu na matundu manne. Swali la kwanza ni lile lile: "Kimoja shilingi ngapi?"

Hatukuzungushi tukikuuliza kwanza unataka vingapi. Pesa nyingi imo kwenye kalibu, yaani dume na jike za chuma kigumu zinazofungwa kwenye presi: dume hushuka kwenye jike, na bamba la chuma lililo katikati linakatwa, linatobolewa au linakunjwa. Tuseme kalibu inagharimu milioni 6. Ukitaka vipande 200, kila kimoja kinabeba shilingi 30,000 za kalibu peke yake, bado bamba na umeme. Ukitaka 20,000, kinabeba 300 tu. Kwa hivyo mwenye vipande 200 tunamwambia waziwazi: kakate kwa leza, ukunje kwa mashine ya kukunjia. Kazi tumeikosa, lakini akipata soko atarudi.

Baada ya idadi, ni umbo. Kosa tunaloliona sana kwenye michoro ni tundu lililobanana na mkunjo. Chuma kikikunjwa, upande wa nje unavutika, na tundu linavutika nacho. Boliti ikifika haiingii. Kwa bamba la milimita 2, acha angalau milimita 4 kati ya ukingo wa tundu na pale mkunjo unapoanzia. Kama lazima likae karibu zaidi, tutalitoboa baada ya kukunja, na hiyo ni hatua nyingine kwenye kalibu, unailipia.

Nyufa nazo zina sababu yake. Bamba linapopitishwa kwenye rola kiwandani hubaki na mwelekeo, na ukilikunja sambamba na mwelekeo huo, mgongo wa mkunjo hupasuka upesi. Sisi tunaweka mkunjo ukivuka mwelekeo huo. Kipande chenye mikunjo ya pande mbili tunakilaza mshazari kwenye bamba, na hapo mabaki huongezeka. Mteja akiyaona sakafuni hununa, na simlaumu, bamba ni ghali.

Chuma pia hurudi nyuma kidogo presi ikikiachia. Ukitaka nyuzi 90 unakunja kupita 90, na stenlesi hurudi zaidi ya chuma laini. Ndiyo maana hatupendi bamba libadilishwe katikati ya oda. Dukani utauziwa "milimita 2", ukiweka kipimo unasoma 1.8, na kalibu iliyopangwa kwa 2 inaanza kutoa pembe nyingine. Tunapima kila bamba kabla halijaingia, hata lako ulilolileta mwenyewe. Usikasirike.

Ukitaka kujua kama kalibu ya fundi yeyote ni nzuri, sisi tukiwemo, chukua kipande ukitazame ukingoni kwenye mwanga. Juu utaona ukanda unaong'aa, ndipo dume lilipokata. Chini yake pamekwaruza, ndipo chuma kilipokatika chenyewe. Nafasi kati ya dume na jike, kwa bamba la milimita 2 la chuma laini, ni kama milimita 0.1 hadi 0.2 kila upande. Ikizidi, au makali yakiisha, upande wa chini unaota ncha zinazochana kidole. Ikibana mno, unaona mikanda miwili inayong'aa, na kalibu haitadumu.

Ncha ndogo hubaki hata kalibu ikiwa mpya, na sisi ndio tunaochagua zielekee upande gani. Kwa hivyo ukija, au ukituma kutoka Arua, Bunia au Kisumu, mchoro wa kalamu kwenye daftari unatosha, mradi vipimo viwe vya milimita, idadi iandikwe, na utuwekee alama upande utakaoguswa na mkono wa mtu.