Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mgeni wa Chuo si Mgeni Rasmi

Ndugu wanachama,

Kamati yenu ilikutana mara 6 mwaka huu. Hesabu ataziwasilisha mweka hazina, na majina ya wanachama wapya yamo kwenye kumbukumbu za katibu. Mimi naomba nafasi hii niitumie kwa jambo lililotushughulisha kuliko mengine yote: mpango wetu wa kumwalika chuoni, kila mwaka, mtu mmoja aliyeutumikia umma kwa heshima, akae na wanafunzi.

Nasisitiza: akae. Mgeni rasmi sote tunamjua. Anasubiriwa, anasoma hotuba aliyoandikiwa, anapiga picha ya pamoja, anakabidhiwa zawadi, na msafara unaondoka viti vikiwa bado na joto. Ana kazi yake, simbezi. Sisi tunamtaka mwingine, na ratiba yake wahenga walishaipanga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu wa mwaka huu, jaji mstaafu, alikaa nasi siku 5. Siku ya kwanza alitoa mhadhara na ukumbi ukafurika. Jembe alilishika siku ya tatu, katika chumba kidogo cha semina, akiwa na wanafunzi 12.

Nilikuwa nimeketi nyuma. Binti wa mwaka wa pili alitoa nakala ya hukumu aliyoiandika jaji mwenyewe zamani, imepigwa mistari ya penseli karibu kila ukurasa, akauliza kwa nini hoja moja ya mlalamikaji imepitwa juu juu. Jaji alivaa miwani, akaisoma ile aya kimya, akairudia. Kisha akakiri kwamba hoja ile aliiona, ilimnyima usingizi, lakini hakuthubutu kusimama peke yake wenzake wawili wakiwa upande wa pili. Chumba kizima kilinyamaza. Mazungumzo yaliyofuata, kuhusu upweke wa kuandika hukumu inayopingana na wenzako, yalikwenda hadi taa za korido zikazimwa. Maneno kama hayo mtu mzima hayasemi jukwaani mbele ya kamera.

Utaratibu huu si sisi wa kwanza kuufuata. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kina mpango wa Chubb tangu 1936, ulioanzishwa kwa msaada wa Hendon Chubb ili kuwavuta wanafunzi kwenye utumishi wa umma. Mgeni hutoa mhadhara wa wazi, lakini muda wake mwingine huwa na wanafunzi kwa karibu, bila itifaki kubwa. Harry Truman alialikwa akiwa rais mstaafu. Ronald Reagan alikwenda 1967 akiwa gavana wa California. Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa mpango mwingine chuoni hapohapo: Wangari Maathai alialikwa kufundisha kwenye shule ya misitu mwaka 2002, miaka miwili kabla ya Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa ameshapigwa akiutetea msitu wa Karura. Waliomwalika hawakungoja dunia iwathibitishie kwamba anafaa. Kila mwanachama anaponiambia tutafute jina kubwa, humkumbuka Maathai wa 2002.

Kuhusu heshima yenyewe, tulivutana, na sitaficha. Baadhi yenu mliona kumwalika mtu ni kumsikiliza tu. Wengine mliona ni kumvisha taji. Mtakumbuka yaliyotokea Harvard Septemba 2017: Shule ya Kennedy, ya masomo ya utawala, ilimtangaza Chelsea Manning, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyefungwa kwa kuvujisha nyaraka za siri, kuwa mmoja wa wageni waalikwa wake, Michael Morell, aliyewahi kuwa naibu mkurugenzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akajiuzulu nafasi yake shuleni hapo kwa kupinga, na mkuu wa shule akaiondoa ile hadhi huku akimwachia Manning nafasi ya kuja kuzungumza kwa siku moja. Alieleza kwamba watu wengi huiona hadhi ile kama heshima. Kwangu, kosa lilikuwa kulijibu swali hilo baada ya tangazo. Kwa hiyo kamati imeamua kuwa, kabla barua yoyote haijatoka, sababu za uteuzi ziandikwe kwa ukurasa mmoja na zisainiwe na wajumbe wote. Pia hatutamwalika aliyemo kwenye kampeni za uchaguzi, hata awe nani.

Kuna pengo lililoniuma. Kati ya wale 12, hakuna hata mmoja aliyetoka vitivo vya sayansi au udaktari. Tangazo tulilibandika kwenye mbao mbili tu, na zote ziko upande wa sheria na siasa. Mwaka ujao tunamtafuta mtu wa afya ya umma, ikiwezekana muuguzi aliyesimamia chanjo, na nafasi za semina zitagawanywa kwa vitivo vyote.

Mapendekezo ya majina yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu, kila jina na ukurasa wake wa sababu. Wanafunzi wa ile semina wameandika barua wakiomba mwanafunzi mmoja aingie kwenye kamati ya uteuzi. Nawaomba mkubali.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti