Michezo ya mataifa madogo si bonanza

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu mkimya kwa miaka mingi, lakini ile ripoti yenu ya Michezo ya Mataifa Madogo ya Ulaya, mliyoiita "bonanza la vinchi", imenishinda kuimeza.

Michezo hii ilianzia San Marino mwaka 1985 na huchezwa kila baada ya miaka miwili. Nchi ni tisa, na sharti la awali lilikuwa wakazi wasiofika milioni moja. Mwandishi wenu alichapa jedwali la medali, akamcheka aliyeshika mkia. Anajua alichokuwa akihesabu? Timu ya mpira wa kikapu yenye wachezaji 12 ikitwaa ubingwa huandikiwa dhahabu moja. Muogeleaji mmoja akishinda mita 100 na 200 za mtindo huru, kisha mita 100 za kipepeo, ni tatu tayari. Liechtenstein ina watu 40,000 hivi, Luxembourg zaidi ya 600,000, nanyi mnazipima kwa mizani moja! Chukueni mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Katika nchi ndogo kabisa, wanne hao mara nyingi ndio haohao wa mita 100, mita 200 na kuruka chini. Mmoja akivutika msuli wa nyuma ya paja kwenye mchujo wa mita 200 asubuhi, jioni timu nzima inajitoa, kwa sababu hakuna wa tano. Kwenye jedwali lenu hilo linasomeka kama uzembe.

San Marino hiyohiyo ilipeleka wanamichezo watano kwenye Olimpiki ya Tokyo, ikarudi na medali tatu. Alessandra Perilli alipata shaba ya kulenga shabaha, kisha fedha akiwa na Gian Marco Berti. Myles Amine akapata shaba ya mieleka, kilo 86.

Halafu mnaichanganya michezo hii ya mataifa madogo na Michezo ya Visiwa, iliyoanzia Kisiwa cha Man mwaka huohuo wa 1985. Faroe, Jersey na Guernsey hucheza huko kwa kuwa hazina kamati zinazotambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Na Monaco ya aya ya kwanza ya ripoti yenu iligeukaje Morocco aya ya tatu? Hakuna mhakiki?

Mwaka 2027 wenyeji ni Monaco. Ongezeni safu mbili kwenye jedwali, wakazi na idadi ya wanamichezo waliosafiri, na medali za timu zitengeni peke yake. Safu ya wakazi ianze kushoto, kabla ya dhahabu.

Msomaji wenu wa siku nyingi